Ushuru Sifuri na Siku 23 za Namanga

Jumamosi ya tarehe 6 Machi 2021, saa nne asubuhi, dereva alinipigia simu kutoka Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, akaniambia kwamba foleni ya malori ya mahindi haisogei. Semitrela yake ilikuwa imebeba magunia 300 ya kilo 100 niliyoyakusanya kwa wiki tatu katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwa shilingi 44,000 kila gunia. Iliondoka Alhamisi jioni, ikapita Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha bila tatizo lolote. Ijumaa, gari likiwa bado njiani, barua ilitoka upande wa Kenya ikizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia nchini humo kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Dereva aliisoma barua hiyo kwenye simu ya dereva mwenzake, baada ya kuzima injini. “Mama,” aliniambia, “hapa hakuna anayetuambia tugeuze, wala hakuna anayetuambia tupite.”

Gari lile lilikaa mpakani siku 23. Watu wanapozungumzia biashara kati ya nchi jirani huuliza kwanza habari za kodi, na hata mimi, nilipoanza kupeleka nafaka Kenya, swali langu la kwanza kwa wakala wa forodha lilikuwa ni ushuru wa kiasi gani. Jibu lake lilinifurahisha sana. Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini mwaka 2004 na kuanza kutumika mwaka 2005, na chini yake mahindi yaliyolimwa Tanzania huingia Kenya kwa ushuru sifuri, ilimradi yawe na cheti cha uasili, yaani karatasi inayoonyesha yalikotoka. Mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya yamewekewa asilimia 50. Nilidhani tofauti hiyo ya sifuri na hamsini ndiyo ukuta unaonilinda, na kwamba aliye ndani ya ukuta hana cha kuogopa isipokuwa bei ya soko.

Vikwazo visivyo vya kiforodha ni yote yale yanayozuia au kuchelewesha bidhaa bila kuitwa ushuru, kama vile kibali kinachotolewa na ofisi moja tu iliyo mbali, kipimo kinachorudiwa, mizani nyingi barabarani, katazo la ghafla, au cheti cha nchi moja kisichotambuliwa na nchi ya pili. Kifungu cha 13 cha itifaki ile kinazitaka nchi wanachama ziviondoe na zisiweke vipya, na mwaka 2017 Jumuiya ilipata sheria mahususi ya jambo hilo. Hata hivyo si kila sharti ni kikwazo, na hapa ndipo penye ugumu wote wa suala hili, kwa sababu sharti lililosimamisha gari langu lilihusu jambo la kweli kabisa.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye punje zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Haiondoki kwa kupika, na mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibika ini. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani ya mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara, yaani katika ukanda uleule ninakonunua mzigo wangu. Kwa hiyo sikuweza kusema, kama walivyosema baadhi ya wenzangu pale Namanga, kwamba sumukuvu ni kisingizio kilichobuniwa ili kuwalinda wakulima wa upande wa pili. Sina haki ya kumuuzia mtu wa Thika, mji wa Kenya mzigo ulikokuwa ukienda, unga ambao singempikia mwanangu.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinaruhusu sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Nilipiga hesabu nikiwa kwenye basi la kwenda Namanga siku ya Jumapili, nikaona kwamba katika tani zangu 30, kiwango hicho kinakuwa sehemu tatu za kumi za gramu moja katika semitrela nzima. Tena sumu haikai kwa usawa kama chumvi katika mchuzi. Gunia moja linaweza kuwa safi kabisa na lililolala juu yake likawa na mara kumi ya kiwango, kwa sababu lilitoka kwenye kihenge kilichovuja au kwa mkulima aliyeanika mahindi chini kwenye udongo. Maana yake ni kwamba jibu la maabara hutegemea sana mkono wa yule aliyechukua sampuli, kabla hata ya mashine kuwashwa.

Tarehe 10 Machi katazo liliondolewa na mahali pake pakawekwa masharti: mwingizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu iko chini ya kiwango, na cheti cha uasili kitaje wilaya mahindi yalikolimwa. Magazeti yaliandika kwamba mpaka umefunguliwa. Ndugu zangu walinipigia simu kunipongeza. Lakini katazo la siku tano lililoondolewa kwa masharti ambayo hakuna mtu kwenye foleni aliyeweza kuyatimiza siku hiyo lilikuwa, kwetu sisi, bado ni katazo.

Chukua sharti la wilaya peke yake. Kibaigwa ni soko la kukusanyia, ambako mkulima wa Kiteto, wa Gairo na wa Kongwa yenyewe wote humwaga mahindi yao sakafuni, madalali wakayapima na wapakiaji wakayashona katika magunia yanayofanana. Mimi niliyelipa fedha sikuwa na njia ya kusema gunia lipi lilitoka wapi. Hakuna aliyenidanganya. Hakuna aliyewahi kuniuliza, basi na mimi sikuwahi kuandika. Hilo lilikuwa kosa langu, na ninalihesabu hivyo, ingawa nadhani pia kwamba sharti linalobadili namna soko zima linavyopokea nafaka halitungwi kwa kutegemea magari ambayo tayari yako njiani.

Ijumaa ya tarehe 12 alikuja kijana wa kuchukua sampuli upande wetu. Alifungua turubai ya nyuma, akachoma bambo, kile chuma chenye tundu cha kutolea punje, katika magunia sita yaliyokuwa karibu na mlango, punje zikateremka ndani ya mfuko, akaandika namba ya gari, akaondoka. Nilimwomba apande juu achome na ya katikati, akaniambia kwa upole kwamba ana magari mengi ya kuhudumia kabla jua halijazama. Tarehe 17 usiku tulisikia kupitia redio ya lori la jirani kwamba Rais Magufuli amefariki, na nchi ikaingia msibani. Tulikaa kimya chini ya magari yetu, madereva wa nchi zote mbili, na kwa siku hizo sikuwa na uso wa kumuuliza mtu yeyote habari za mahindi. Matokeo yalikuja siku mbili baadaye yakionyesha mikrogramu nne kwa kilo. Nilivuka kwa miguu hadi upande wa pili wa jengo, nikiwa nimeshika cheti kile kwa mikono miwili.

Namanga ni kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili tarehe 1 Desemba 2018, ambapo maofisa wa Tanzania na wa Kenya hukaa chini ya paa moja ili gari lisimame mara moja tu. Ni kazi nzuri, na anayekumbuka foleni za zamani hawezi kuibeza. Lakini paa moja halikuwa limeleta maabara moja. Bwana niliyemkuta mezani alikisoma cheti changu mara mbili kwa makini, kisha akanirudishia. “Mama, karatasi yako ni nzuri,” alisema, “lakini huku hatuna namna ya kuithibitisha. Itabidi tupime tena.” Hakuwa na dharau, wala hakuniomba chochote. Nilimweleza kwamba tangu mwaka 2006 Jumuiya ina sheria ya viwango, vipimo na ithibati, na kwamba shabaha yake ni bidhaa iliyopimwa upande mmoja ipokelewe upande wa pili. Akakubali kwamba ipo. Kilichokosekana ni maelekezo ya kumwezesha yeye, asubuhi ile, kuutegemea muhuri asioufahamu kwa jambo ambalo, likienda vibaya, litaulizwa kwake.

Nimefikiri mara nyingi kuhusu bwana yule. Kikwazo tunachokiita cha kibiashara, kwa sehemu kubwa, kilikuwa ni ofisa mwaminifu asiye na sababu ya kumwamini mwenzake aliyeketi hatua ishirini kutoka kwake.

Sampuli ya pili ilichukuliwa tarehe 23, safari hii kwa uangalifu mkubwa kuliko ya kwanza, kutoka magunia yapatayo arobaini ya mbele, kati na nyuma, ikachanganywa kwenye turubai na kugawanywa mara nne. Ikasoma saba. Majibu yote mawili yalikuwa chini ya kumi, na tofauti yake ilitokana na kina cha bambo. Wakati tukisubiri jibu hilo, mvua za masika zilikuwa zimeanza.

Tarehe 28, siku moja kabla ya kuvuka, niliomba turubai ifunguliwe yote. Nilipanda mwenyewe, nikafungua gunia la juu upande wa kulia na kutia mkono hadi kwenye kiwiko, nikakuta joto ndani, joto la uji uliopoa nusu, na punje zikiwa zimeshikana kwa utando mweupe. Mahindi yalikuwa yakitoka jasho. Yalipakiwa yakiwa na unyevu wa asilimia 13, na kifaa nilichoazima kwa mwenzangu kilisoma 17 katika gunia lile. Tulitoa magunia 14 ya namna hiyo. Mzigo ulikuwa umezuiwa kwa sababu ya hofu ya ukungu, na ukungu wenyewe uliota mle mle kwenye foleni ya kusubiri kuthibitishwa kwamba haupo. Jambo hili sijaliona likiandikwa katika ripoti yoyote niliyoisoma, na kwangu ndilo zito kuliko yote.

Alikuja mtu akataka kuyanunua yale 14 kwa shilingi 20,000 gunia, akayasage chakula cha mifugo. Nilikataa. Sumukuvu anayoila ng'ombe hutokea kwenye maziwa, na kuku nao hufa. Tuliyachoma nyuma ya uwanja wa malori, na utingo alisimama pale hadi moto ulipozima.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Nililipa shilingi 120,000 kwa kila siku ya kulaza gari kwa siku 21, kwa kuwa mbili za kwanza mwenye gari alinisamehe, jumla 2,520,000. Magunia 14 yalikuwa na thamani ya 616,000. Bila kugusa ada za vipimo, nauli zangu na riba ya mkopo, nilipoteza 3,136,000 katika mzigo ulionigharimu 13,200,000 sokoni, yaani karibu asilimia 24. Faida niliyoitarajia ilikuwa 1,200,000. Na cheti changu cha forodha, ambacho bado ninacho, kinasema kwamba ushuru niliolipa kuingia Kenya ni sifuri. Mnunuzi wangu wa Thika, aliyekuwa amenisubiri siku kumi kama alivyoahidi, alishanunua mahindi ya Bonde la Ufa ili mashine zake zisisimame, na simlaumu. Niliuza kwa mtu mwingine kwa bei ya mtu anayejua kwamba huwezi kugeuza gari.

Nilichojifunza katika hesabu hiyo ni kwamba kikwazo cha aina hii hulipwa kwa siku, na siku haziwi na bei sawa kwa kila mtu. Kampuni kubwa yenye maghala pande zote za mpaka iliendelea kusaga akiba yake ikisubiri masharti yatulie. Sisi wenye mtaji wa gari moja tulikuwa tunakula mtaji kila jua lilipotua. Ushuru, hata uwe mkubwa, mfanyabiashara anaujua kabla hajapakia, hivyo anaweza kuuweka kwenye bei au akaacha safari. Katazo la Ijumaa kwa gari lililoondoka Alhamisi halina mahali pa kuwekwa.

Au tuseme lina mahali, na hili nalisema kwa uchungu. Msimu uliofuata niliporudi Kibaigwa nilikuwa na hofu, na hofu hiyo niliitoza kwa mkulima. Nilishusha bei yangu kwa kila kilo ili nikizuiliwa tena nisianguke, na wanunuzi wengine walifanya vivyo hivyo bila hata kukubaliana. Mama mmoja wa Kongwa, aliyekuwa ameanika mahindi yake kwenye turubai vizuri kuliko mtu yeyote sokoni siku ile, aliniuliza kwa nini nampa bei ndogo wakati yake yamekauka. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Alikuwa analipa gharama za Namanga, mahali ambapo huenda hajawahi kufika.

Wengine walichagua njia za panya. Magunia huteremshwa kabla ya mpaka na kuvushwa usiku kwa pikipiki, kwa punda na kwa mabega, hasa huko Rombo, ambako kijiji kimoja hutazamana na kingine kuvuka mstari. Mahindi hayo hayapimwi na yeyote. Hivyo kadiri njia halali inavyozidi kuwa ndefu, ndivyo nafaka isiyopimwa inavyozidi kuingia katika unga wa watu walewale ambao kipimo kiliwekwa kuwalinda.

Mambo yalianza kulegea mwezi Mei. Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Nairobi tarehe 4 na 5 mwezi huo, na yeye na Rais Uhuru Kenyatta wakawaagiza mawaziri wao wakae na kumaliza mikwamo ya mpakani, ukiwemo wa mahindi. Desemba ya mwaka uleule ilielezwa kwamba kati ya vikwazo 64 vilivyokuwa vimeorodheshwa baina ya nchi hizi mbili, 46 vilikuwa vimeondolewa. Nilifurahi, na niliona mabadiliko kwa macho yangu. Wasiwasi wangu ni kwamba orodha huhesabu kinachoondolewa, ilhali maumivu yetu mengi hutokana na kipya kinachozaliwa ghafla, na kisichokuwa na tarehe ya kuanza iliyo mbali kidogo ili walio njiani wafike.

Wala jambo hili si la upande mmoja. Mwezi Mei 2023 zamu ilikuwa yetu. Utaratibu wa kusafirisha mahindi kutoka Tanzania ulikazwa, ikatakiwa msafirishaji awe na kampuni iliyosajiliwa hapa, namba ya mlipakodi, kibali cha kusafirisha na cheti cha usafi wa mimea. Kila kimojawapo kina sababu yake. Nchi inayotaka kujua ni kiasi gani cha chakula kinatoka, na anayekitoa ni nani, haikosei. Lakini malori ya Wakenya waliokuwa wamezoea kununua kwa majina yao, shambani na sokoni, yalikwama upande wetu. Kijana mmoja wa Kitengela tuliyefahamiana kwenye ile foleni ya 2021 alinipigia simu, nikaenda. Alinikabidhi bahasha yake. “Mama, nimefanya vile tumekuwa tukifanya miaka yote,” alisema. Nilizisoma karatasi zake moja moja, zikiwa zimepangwa vizuri, halafu nikajisikia nikimwambia kwamba karatasi zake ni nzuri, lakini huku utaratibu umebadilika. Alinitazama, na nadhani sote wawili tulikumbuka ile meza ya upande wa pili.

Sikumwacha hapo. Tulikodi ghala dogo Namanga, tukashusha mzigo ili usioze juu ya gari, tukaanika yaliyokuwa na unyevu, na kampuni yangu ikaomba kibali. Ilichukua siku 16. Tangu hapo yeye na mimi tuna mkataba wa maandishi unaosema nani analipa kulaza gari iwapo amri mpya itatoka mzigo ukiwa njiani, kwamba tutagawana nusu kwa nusu, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kumshushia mkulima bei baada ya kupima kwa ajili ya hasara hiyo. Kifungu hicho cha mwisho nilikidai mimi. Pia ninatuma taarifa ya kila mkwamo kwenye mfumo wa mtandaoni wa kuripoti vikwazo unaozihudumia jumuiya zetu tatu za kanda, COMESA, Afrika Mashariki na SADC, hata kama mkwamo umekwisha, kwa sababu kikwazo kisichoandikwa popote kila mara hujibiwa kwamba hakikuwapo.

Sasa sipakii kabla ya kipimo. Magunia hupangwa kwenye mbao ghalani kwa mafungu ya vijiji, kijana wangu huchoma bambo katika gunia moja kati ya kila manane, juu, kati na chini, na ninaandika daftarini kijiji, jina la aliyeuza, tarehe na unyevu. Mnunuzi wa Thika, ambaye tumerudiana, huniomba nimtumie picha ya kila ukurasa kabla gari halijaondoka. Katika mzigo wa karibuni nilirudisha magunia tisa, na wenyewe wakaenda kuyaanika upya. Gunia la mwisho kupanda lilitoka Kijungu, Kiteto, na kipimo chake cha unyevu kilisoma 12.8.